Maji ya Bure Yalivyotugharimu

Leo tukumbushane habari ya bomba la kijiji.

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Mchota maji hakudaiwa hata senti. Gharama ilikuwa ya Serikali. Mabomba yakajengwa, watu wakashangilia. Lakini mashine ya maji hula dizeli, tena huchakaa. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ile ya 1970, fedha za uendeshaji zikawa haba, mashine nyingi zikanyamaza. Je, nani alilipa? Ni mama na binti, waliorudi mtoni na ndoo kichwani.

Ndipo Sera ya Maji ya 1991, na baadaye ile ya 2002, zikataka wanakijiji nao wachangie. Sawa, dizeli hainunuliwi kwa maneno. Lakini, ndugu zangu, bei ikimshinda mjane, naye atarudi mtoni vilevile. Basi mkutanoni tuulize mambo mawili: fedha ya ndoo imekwenda wapi, na asiyeweza kulipa tumemwekea utaratibu gani? Bomba ni la wote.