Upimaji wa sumu ya muda mfupi kwa nyungunyungu

Upimaji wa sumu ya muda mfupi kwa nyungunyungu ni jaribio la maabara linalotafuta ni kiasi gani cha kemikali, kikichanganywa na udongo, kinatosha kuwaua nyungunyungu katika siku chache. Muda wake wa kawaida ni siku 14. Tokeo lake kuu ni namba moja iitwayo LC50, yaani miligramu za kemikali katika kila kilo ya udongo mkavu zinazoua nusu ya nyungunyungu waliowekwa humo. Maabara nyingi hufuata mwongozo namba 207 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), uliopitishwa mwaka 1984. Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lina kiwango chake pia, ISO 11268-1, kinachofanana nao kwa mengi.

Nyungunyungu alichaguliwa kwa sababu sumu ya ardhini humfikia kwa njia mbili. Hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo ni lazima ibaki na unyevu muda wote. Chochote kilichoyeyuka katika maji ya udongo humgusa moja kwa moja. Vilevile huumeza udongo wenyewe ili apate chakula chake humo, hivyo hata kemikali iliyong'ang'ania mboji au chembe za mfinyanzi huingia tumboni mwake. Na kazi yake shambani ni kubwa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwisho kilichotoka mwaka 1881, alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza nyungunyungu hupandisha juu zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari kila mwaka.

Hasara ya kumpoteza ilionekana wazi katika bustani za tufaha za Uingereza miaka ya 1970, baada ya wakulima kuanza kupulizia benomyl, dawa ya ukungu iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Benlate. Dawa hiyo hugeuka na kuwa karbendazimu, kemikali kali mno kwa nyungunyungu. Nyungunyungu mkubwa wa huko, Lumbricus terrestris, ndiye aliyekuwa akiyavuta majani yaliyoanguka na kuyafukia mashimoni mwake. Alipotoweka, majani yalibaki yamelala juu ya ardhi majira yote ya baridi, yakiwa yamebeba vimelea vya ugonjwa wa ukoko wa tufaha, ugonjwa uleule ambao wakulima walipulizia dawa ili kuuzuia. Matukio ya namna hiyo yaliwafanya wasimamizi wa viuatilifu watake kipimo cha kumjulisha mtu mapema, kabla dawa haijafika sokoni. Njia ya maabara iliyokubalika Ulaya ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Clive Edwards wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza.

Spishi inayotumika ni Eisenia fetida, au ndugu yake wa karibu Eisenia andrei. Ni nyungunyungu wadogo wekundu ambao wafugaji wa nyungunyungu wa kutengeneza mboji wanawafahamu vizuri. Sababu ya kuchaguliwa kwao ni urahisi wa kuwafuga. Katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi mayai huanguliwa baada ya wiki tatu au nne, na watoto hukomaa kwa wiki saba au nane. Nyungunyungu mmoja hutaga vifuko viwili hadi vitano kwa wiki, na kila kifuko hutoa watoto kadhaa. Maabara inaweza basi kuwa na mamia ya nyungunyungu wa umri mmoja na ukoo mmoja, jambo la lazima ili matokeo ya leo yalinganishwe na ya mwakani. Udhaifu wake nao ni mkubwa: Eisenia huishi kwenye samadi na malundo ya takataka, si ndani ya udongo wa shamba. Tunampima mkazi wa jaani ili tuseme juu ya mkazi wa kondeni.

Mwongozo wa OECD una hatua mbili. Ya kwanza ni ya haraka na haihitaji udongo. Karatasi ya kuchujia huwekwa ndani ya kichupa, hunyunyiziwa mililita moja ya mchanganyiko wenye kemikali, huachwa ikauke, kisha hulowanishwa tena kwa maji. Nyungunyungu mmoja huingizwa humo na kukaa gizani saa 48. Kinachopimwa ni sumu ya kugusa tu, na tokeo huandikwa kwa miligramu kwa kila sentimita ya mraba. Hatua hii husaidia kujua kemikali ipi ni kali kupita nyingine, lakini haisemi lolote la maana kuhusu shamba, kwa kuwa udongo haumo.

Hatua ya pili ndiyo jaribio lenyewe, na ufundi wake uko kwenye udongo. Udongo wa asili hutofautiana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ya kijito kimoja, kwa hiyo mwongozo unaagiza udongo wa kutengenezwa: asilimia 70 mchanga safi wa kwatzi, asilimia 20 mfinyanzi mweupe wa kaolini, na asilimia 10 piti, yaani mabaki ya kuvumwani yaliyolundikana kinamasini kwa karne nyingi. Kabonati ya kalisiamu huongezwa hadi pH ifike karibu 6, kisha maji, kiasi cha theluthi moja ya uzito mkavu. Kemikali inayoyeyuka majini huchanganywa na maji hayo. Isiyoyeyuka hutiwa kwanza katika kimiminika kingine, hufyonzwa na gramu 10 za mchanga laini, kimiminika huachwa kiruke chote, ndipo mchanga huo ukorogwe na udongo uliobaki. Ukorogaji huu ni wa kuchosha na hauna njia ya mkato. Kemikali ikikaa kwa mafungu, nyungunyungu hujisogeza penye nafuu na namba inayopatikana haifai kitu.

Kila chombo cha kioo hubeba gramu 750 za udongo mbichi na nyungunyungu 10. Hawa ni lazima wawe waliokomaa, wenye umri usiopungua miezi miwili, wenye ule mkanda mnene mwilini unaoonyesha wamefikia kuzaa, na uzito wa miligramu 300 hadi 600 kila mmoja. Kwa kawaida huandaliwa viwango vitano vya kemikali, kila kimoja kikikizidi kilichotangulia kwa uwiano uleule, na kila kiwango huwa na vyombo vinne. Vyombo vingine vinne havitiwi kemikali. Joto hushikiliwa kwenye nyuzi 20, na taa huwaka usiku na mchana ili nyungunyungu, ambao huukimbia mwanga, wasipande juu na kutoroka.

Siku ya 7 udongo humwagwa kwenye sinia na nyungunyungu huhesabiwa. Asiyetikisika akiguswa taratibu upande wa mbele huandikwa amekufa. Asiyeonekana kabisa naye huhesabiwa kuwa amekufa, kwani mzoga wa nyungunyungu huoza upesi sana. Walio hai hurudishwa chomboni, na hesabu hurudiwa siku ya 14. Mpimaji makini haishii kwenye kuhesabu. Huandika pia uzito uliopungua, vidonda, uvimbe na namna wanavyojikunja, maana dalili hizo mara nyingi hutangulia kifo kwa mbali. Ikiwa katika vyombo visivyo na kemikali wamekufa zaidi ya asilimia 10, jaribio zima hutupwa. Mara kwa mara maabara hujikagua pia kwa kupima kloroasetamidi, ambayo LC50 yake hutazamiwa kuwa kati ya miligramu 20 na 80 kwa kilo.

Namba ikishapatikana hulinganishwa na kiasi kinachotazamiwa kubaki shambani baada ya kupulizia. Katika Umoja wa Ulaya LC50 ilitakiwa iwe angalau mara 10 ya kiasi hicho, la sivyo mwombaji atoe ushahidi zaidi. Kuna pia sahihisho ambalo msomaji wa majalada ya viuatilifu hapaswi kulipita: kwa kemikali zinazopenda mafuta kuliko maji, LC50 hugawanywa kwa mbili. Piti ya asilimia 10 ni mboji nyingi kuliko ya mashamba mengi, nayo huzishika kemikali hizo zisimfikie nyungunyungu, hivyo dawa huonekana pole kuliko ilivyo.

Lakini kifo ni dalili ya mwisho, na hapo ndipo jaribio hili hupungukiwa. Mfano ulio karibu nasi ni shaba. Katika mashamba ya kahawa ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania dawa za shaba zimepuliziwa kwa miongo mingi dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba haiozi wala hairuki hewani. Hujikusanya kwenye tabaka la juu la udongo, mwaka juu ya mwaka. Katika majaribio ya maabara, kuua nusu ya Eisenia kwa muda mfupi huhitaji miligramu mamia kadhaa za shaba kwa kilo, ilhali utagaji wao hupungua sana kwa makumi tu ya miligramu. Kati ya viwango hivyo viwili shamba linaweza kuwa na nyungunyungu wazima wasioacha uzao, na jaribio la siku 14 likaliita salama.

DDT ilionyesha pengo lingine. Katika miaka ya 1950, huko East Lansing katika jimbo la Michigan, Marekani, miti ya elmu ilipuliziwa DDT kuzuia mbawakawa waliokuwa wakieneza ugonjwa wa miti hiyo. Nyungunyungu walikula majani yaliyoanguka, wakabaki hai, na sumu ikarundikana miilini mwao. Ndege waliowala wakafa kwa wingi, kama George Wallace wa chuo kikuu cha huko alivyoshuhudia na Rachel Carson akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1962.

Kwa nchi za joto lipo pia swali la udongo wenyewe. Kaolini tunayo, hata Pugu nje kidogo ya Dar es Salaam, ila piti ya nchi za baridi ni ya kuagizwa. Watafiti wa Brazili, katika eneo la Amazoni, na wa Sri Lanka walitumia usumba wa nazi badala yake, na badiliko hilo linafaa kuigwa katika pwani yetu yenye minazi. Huko Amazoni walipima pia kwa nyuzi 28 badala ya 20. Joto hilo huvuta pande mbili: kemikali nyingi huvunjika upesi zaidi, lakini mwili wa nyungunyungu nao hufanya kazi kwa kasi zaidi na kunyonya zaidi. Hakuna kanuni moja ya kugeuza namba ya Ulaya iwe ya Tanga au Kakamega. Dawa inayotumika huku inastahili kupimwa katika hali ya huku.

Tangu mwaka 2013 kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu viuatilifu haziagizi tena jaribio la vifo. Zinataka lile la uzazi, mwongozo namba 222 wa OECD, linalochukua siku 56: wiki nne za wazazi na wiki nne nyingine za vifuko na watoto. Lipo pia jaribio la kukwepa, ISO 17512-1, ambamo nyungunyungu huachiwa saa 48 kuchagua kati ya udongo safi na wenye kemikali.

Jaribio la siku 14 limebaki na kazi mbili. Hupanga viwango vya kuanzia kwa majaribio marefu, na hutoa jibu la mapema pale ardhi ilipochafuliwa kwa mchanganyiko wa kemikali ambao kipimo cha kila moja peke yake hakiwezi kuueleza. Vikuge, wilayani Kibaha, ni mahali pa namna hiyo: shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986 ilihifadhiwa huko, ghala likabomoka, na udongo ukajaa DDT na kemikali nyingine. Udongo wa aina hiyo unaweza kuchanganywa na udongo safi kwa uwiano tofauti na kuwekewa nyungunyungu. Wakifa, jibu limepatikana. Wakiishi, ni lazima miili yao nayo ipimwe DDT kabla mtu yeyote hajaruhusu kuku wapekue eneo hilo.