Mnazi Mmoja na Barua Zisizojibiwa

Kila ifikapo tarehe 3 Machi, nchi za Umoja wa Afrika huadhimisha siku ya mazingira ambayo tangu 2012 hubeba pia jina la marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Na ni mwezi huohuo wa Machi, mwaka 1955, ambapo Mwalimu Julius Nyerere, aliporejea kutoka Umoja wa Mataifa, aliuhutubia umma wa Dar es Salaam katika uwanja wa Mnazi Mmoja. Kumbukumbu hizi mbili hazitajwi pamoja katika hotuba zetu, nami nisingelifikiri kuziweka ukurasa mmoja lau nisingelikuwa na desturi ya kutoka Posta kwa miguu wakati wa alasiri, nikaipita mitaa ya Uhindini yenye harufu ya bizari na jora mpya, nikaivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed kwa tahadhari kuu, kisha nikajikuta ghafla chini ya mbingu pana, upepo wa bahari ukinipiga kifuani kana kwamba mji umefungua dirisha.

Muuza kahawa huketi pale, birika lake la shaba juu ya makaa, kashata zimepangwa katika sinia, na kila baada ya muda huinuka akasogeza kigoda chake hatua moja kukifuata kivuli. Wazee wawili watatu humsogelea, nao husogea pamoja naye. Mbele yao vijana hucheza mpira, na ng'ambo ya mpira huonekana Mnara wa Mwenge wa Uhuru. Kariakoo inanguruma upande wa magharibi na maofisi yananguruma upande wa mashariki, na kati ya ngurumo hizo mbili watu hupata mahali pa kusemezana pasipo kupaza sauti.

Asili ya uwanja huu haikuwa njema, na si vyema kuificha. Mji uliasisiwa na Sayyid Majid katika miaka ya 1860, Wajerumani wakaufanya makao yao makuu mwaka 1891, nao hawakukawia kuzigawa nyumba kwa kanuni za ujenzi ambazo, ijapokuwa zilizungumza juu ya mawe na makuti, makusudio yake yalikuwa ni kuzigawa nafsi za wenye nyumba. Mwaka 1914 walilinunua shamba la Schöller, magharibi ya mji, ili Waafrika wahamishiwe huko na ukanda mtupu ubakie katikati, baina ya weusi na wengine. Vita vikawakatiza, Waingereza waliouteka mji mwaka 1916 wakapiga kambi ya wapagazi wao wa jeshi katika shamba lile, jina lao la Kiingereza likageuka ndimini mwa wenyeji kuwa Kariakoo, na baada ya vita utawala mpya ukaitekeleza nia ya utawala wa zamani, nyumba za udongo zikavunjwa, na ukanda ukapatikana. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya. Ridhaa ya waliovunjiwa haikutafutwa.

Basi uwanja ambao watu wa Dar es Salaam huupenda ulizaliwa kwa amri isiyomuuliza mtu, na ajabu ya historia ni kwamba wale waliotengwa nao ndio walioutia roho. Waliufanya kiwanja cha mpira, mahali pa Maulidi na pa Idi, na hatimaye baraza la siasa. Jumuiya ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1929, ilikuwa na nyumba yake katika mtaa uliopakana na uwanja, ambao leo tunauita Lumumba. Humo mtaani ndimo chama cha TANU kilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Miezi minane baadaye, Mwalimu alipotoka kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, hapakuwa na ukumbi ambao ungeweza kuwachukua waliotaka kumsikia, wala ukumbi haukuhitajiwa, maadamu uwanja ulikuwapo. Ukanda uliokusudiwa kuwatenga watu ukawa mahali walipokusanyika.

Nchi ilipopata uhuru ingetarajiwa kwamba amana ya namna hii ingewekewa ulinzi wa pekee. Hata wahandisi wa Kiingereza walioandaa ramani ya mji ya mwaka 1949, ambao mawazo yao juu ya ubaguzi hatuwezi kuyasifu, waliona angalau kwamba mji wa joto unahitaji njia za upepo, wakazichora. Lakini viwanja vya wazi havimalizwi na wezi tu. Aghalabu humalizwa na watu wema wenye hoja njema, kila mmoja akiomba kipande kidogo. Ukumbi wa Arnautoglu, zawadi ya tajiri wa mkonge, ulikuja katika miaka ya 1950, na wengi walisoma na kucheza humo, ikaja zahanati ambayo leo ni hospitali, yakaja madarasa, kikaja kituo cha daladala. Nani atasimama kuipinga hospitali? Mimi sisimami. Nasema tu kwamba ukanda ule uliotwaliwa kwa jina la afya uliendelea kukatwa kwa majina mengine mazuri, na kwamba katika yote hayo desturi ya kumwuliza jirani, kumngoja ajibu, na kumjibu akiisha kusema, haikupata kukomaa miongoni mwetu.

Hapo ndipo habari ya Nairobi inapotuhusu, na nitaieleza kwa kirefu, nikifuata zaidi simulizi ya Profesa Maathai mwenyewe katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006, kwa kuwa sijaona kwingine ambapo dharau ya wakubwa kwa swali la raia imeandikwa kwa subira kama hiyo.

Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, ndiyo sebule ya wakazi wa Nairobi wasio na sebule: Jumapili watoto huletwa kupanda mashua bwawani, wachovu hulala juu ya nyasi, wahubiri huhubiri. Mwaka 1989 Maathai alipata habari kwamba humo ndani litajengwa jengo la ghorofa 60, makao ya chama tawala cha KANU na ya gazeti lake la Kenya Times, pamoja na kumbi, maduka, maegesho ya magari 2,000 na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 200, na mshirika wake alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza. Mji wenyewe wakati ule haukuwa na madiwani. Baraza lao lilikuwa limevunjwa tangu 1983 na mahali pake pamekaliwa na tume ya kuteuliwa.

Maathai hakuanza kwa maandamano. Alianza kwa barua. Mwezi Oktoba alimwandikia mkuu wa gazeti akiuliza kama habari ile ni kweli. Akaandikia Ofisi ya Rais, tume ya jiji, mkuu wa mkoa, waziri wa mazingira, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyo mjini humo. Akamwandikia pia balozi wa Uingereza, akimwomba afikirie jinsi watu wa London wangelipokea jengo kama hilo katikati ya Hyde Park. Hakujibiwa. Jibu lilikuja bungeni tarehe 8 Novemba, na halikuwa jibu la hoja: wabunge waliacha shughuli zao wakamshambulia yeye na chama chake cha Green Belt, wakakiita cha uongo, wakawasema wanawake wenzake kwa talaka zao. Siku saba baadaye jembe la kwanza likapigwa bustanini. Alikwenda Mahakama Kuu kuomba zuio, ombi likatupwa tarehe 11 Desemba. Na kesho yake, katika sikukuu ya Jamhuri, ndani ya bustani ileile iliyogombewa, Rais alitamka kwamba wapinzani wa jengo wana wadudu vichwani, na kwamba mwanamke wa desturi za Kiafrika huwaheshimu wanaume akanyamaza.

Chama chake kikapewa saa 24 kuhama katika ofisi ya serikali. Wakahamisha mafaili kwenye nyumba yake ndogo ya South C, wakafanya kazi sebuleni, na barua zikaendelea kuandikwa. Napenda kuikumbuka sebule hiyo kuliko nishani yoyote: karatasi juu ya viti, mashine ya chapa juu ya meza ya chakula, na watu wanaouliza swali moja kwa adabu mara ya ishirini. Wakazi wa kawaida nao wakaanza kuandika magazetini. Nje ya nchi wafadhili wakaona haya. Mapema mwaka 1990 mradi ukapunguzwa, kisha ukatoweka, na nyasi zikabaki nyasi. Lakini izingatiwe kwamba waliosikilizwa mwishoni walikuwa wenye fedha. Wakazi wa Nairobi waliokoa bustani yao, na bado barua zao hazikujibiwa.

Ya baadaye yanajulikana: utetezi wa msitu wa Karura, tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, kifo chake Septemba 2011.

Kwetu Dar es Salaam hapakutokea ghorofa 60 Mnazi Mmoja, na tumshukuru Mungu. Lakini hebu mkazi wa Mtaa wa Lumumba ajaribu kufikiri barua yake angelimpelekea nani katika miongo hii. Halmashauri ya mji ilifutwa katika miaka ya 1970 ikarudishwa 1978. Mwaka 1996 ikavunjwa tena ikawekwa tume. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu. Na Februari 2021 Jiji likavunjwa na Ilala ikavikwa jina lake. Katika kila hamahama hiyo makabati hubebwa, na ramani hubebwa ndani ya makabati. Si lazima pawe na dhuluma ili kipande cha uwanja kipotee. Yatosha karani mpya asijue mpaka ulipopita.

Kwa hiyo ombi langu kwa waheshimiwa madiwani ni dogo, na naliandika hapa hadharani nikitaraji jawabu. Ramani ya uwanja, yenye mipaka na vipimo vyake, ichapwe kwa Kiswahili na kutundikwa karibu na Mnara wa Mwenge, mahali ambapo muuza kahawa ataisoma. Na kabla ya kutundikwa waitwe wale wazee wanaosogea na kivuli waitazame, kwa kuwa wamo wanaokumbuka magoli yalisimama wapi.