Kipimio cha Antena na Rahisi Zake Mbili

Neno rahisi katika lugha yetu lina maana mbili zikaazo nyumba moja: kitu kisichogharimu fedha nyingi huitwa rahisi, na kitu kisichomtaabisha mtu nacho huitwa rahisi. Walakini ukiifuata tarikhi ya ala ambazo mafundi wa redio ya ridhaa wamezitumia kupimia antena zao, utaziona maana hizo mbili zikigombana tangu mwanzo, kwani ala iliyokuwa nyepesi kwa mfuko aghalabu ilikuwa nzito kwa akili, na ile iliyompunguzia mtu kazi ya kufikiri ilimtoza fedha.

Katika ala za zamani iliyopendwa mno ni ile ya valvu moja, yenye koili iliyochomoza nje mfano wa kidole, ambayo fundi aliisogeza karibu na waya wa antena, akageuza kitasa polepole, na pale masafa ya ala yalipoafikiana na masafa ya antena, mshale ukazama ghafla. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha James Millen huko Malden, Massachusetts, kiliiuza ikiwa imekwisha undwa, na Heathkit wa Benton Harbor, Michigan, wakaiuza vipande-vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe kwa risasi na kuokoa fedha zake. Lakini mshale ule ulimwambia fundi mahali antena inapoitikia, wala haukumwambia ina omu ngapi. Tena uliweza kuzama kwa ajili ya mfereji wa bati ulio jirani, na namba za kitasa hazikuaminika sana, hata mwenye hadhari akawasha redio yake ya kupokelea ili ahakikishe masafa kwa sikio.

Mwezi wa Oktoba 1956 Lewis McCoy alieleza katika jarida la QST jinsi ya kujiundia nyumbani, kwa vipande vichache, chombo alichokiita Monimatch, kikaacho kati ya mtambo na antena na kulinganisha mawimbi yaendayo na yale yarudishwayo. Uwiano wa moja kwa moja, yaani pasipo wimbi lolote kurudishwa, ukawa tangu hapo kama cheti cha uadilifu, nami naona hapo ndipo wengi walipopotoka, kwa kuwa kizuizi cha omu 50 kilichofungwa mwisho wa kebo hutoa uwiano huo pasipo kasoro ilhali hakirushi hewani kitu chochote, na kebo ndefu iliyochakaa, kwa kuyameza mawimbi kwenda na kurudi, huisifu antena mbovu.

Kampuni ya MFJ, iliyoanzishwa na Martin F. Jue mwaka 1972 huko Starkville, Mississippi, ndiyo iliyomletea mtu wa kawaida raha ya kupima uwiano huo pasipo kuwasha mtambo wake. MFJ-259, na baada yake 259B, vilikuwa visanduku vya kushika mkononi, vyenye mita mbili za mshale, ambavyo mtu alipanda navyo hata juu ya paa. Bei yake ilizidi dola 200, na kwa bei hiyo 259B ilitaja ukinzani wa antena, ila haikubainisha kama antena inaelemea upande wa koili au upande wa kapasita. Tena karibu na kituo kikubwa cha utangazaji ilisoma mawimbi ya jirani kana kwamba ni yake.

Ala za maabara zilizojua tofauti ya koili na kapasita zilikuwapo, mathalani HP 8510 ya mwaka 1984, lakini hizo zilinunuliwa na viwanda na vyuo. Ndipo mhandisi wa Japani ajulikanaye kwa jina la edy555 alipounda NanoVNA na kuiacha michoro yake wazi, na mwaka 2019 mwenzake wa Uchina, hugen, akaitengeneza upya kwa wingi, hata ikauzwa kwa kiasi cha dola 50. Kioo chake kidogo huonyesha ile chati ya duara aliyoitangaza Phillip Smith mwaka 1939: nusu ya juu ni ya koili, nusu ya chini ni ya kapasita. Fedha zimerudi mfukoni, na kazi imerudi kichwani.

Na kazi yenyewe ni hii. Ikiwa umetundika waya wa nusu wimbi kwa ajili ya megahezi 7.1, nao unaitikia kwenye 6.9, gawanya 143, ile namba ya kanuni ya nusu wimbi, kwa kila moja ya namba hizo, utapata mita 20.14 na mita 20.72, basi kata sentimita 29 kila upande, au afadhali ukate 20, upime tena. Kabla ya hayo lazima ala ifundishwe mwisho wa kebo uko wapi, kwa kuifunga vizibo vitatu kimoja baada ya kingine: kilicho wazi, kilichofungwa, na cha omu 50. Asiyefanya hivyo anasoma kebo yake akidhani anasoma antena.

MFJ ilisimamisha kazi ya kiwanda chake cha Starkville tarehe 17 Mei 2024. Mwenye kuanza leo namshauri achukue NanoVNA yenye kioo kikubwa kidogo, asiiunganishe kamwe na mtambo unaorusha, na asitoe fedha yake kabla ya kufungua kasha na kuvihesabu vile vizibo vitatu.