Utalii wa Uzazi, au Safari ya Tiba ya Kutafuta Mtoto?

Kutalii ni kuzuru mahali kwa kutazama na kujiburudisha. Ndiyo maana "utalii wa uzazi", istilahi ya watu wanaovuka mipaka kufuata matibabu ya kupata mtoto, inapotosha mara mbili. Kosa la kwanza limo katika "utalii". Sheria Namba 40 ya Italia ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kutumia mayai au mbegu za mchangiaji, hadi Mahakama ya Katiba ilipoitengua marufuku hiyo mwaka 2014. Ujerumani nayo, kwa sheria yake ya 1990 ya kulinda viinitete, ilizuia uchangiaji wa mayai, ilhali Hispania inauruhusu. Anayetoka Munich kwenda kliniki ya Barcelona kwa sababu hiyo hakuvutwa na ufukwe. Amesukumwa na sheria ya kwao. Kosa la pili limo katika "uzazi". Neno hili limebeba kutunga mimba na kujifungua pia, hivyo msomaji anaweza kudhani wanasemwa wajawazito wanaokwenda kujifungulia Marekani ili mtoto apate uraia.

Watetezi watasema kwamba kliniki hutangaza tiba pamoja na hoteli, na kwamba "tiba utalii" imeshazoeleka Tanzania. Lakini anayekwenda Makka naye hulipia ndege na hoteli, nasi husema amekwenda kuhiji. Tena "tiba utalii" ni jina la upande wa mwenye huduma anayehesabu mapato, si la mgonjwa. Wataalamu Marcia Inhorn na Pasquale Patrizio, mwaka 2009, walipendekeza dhana ya uhamisho badala ya utalii. Hoja yao ina uzito, ila aliye uhamishoni hana ruhusa ya kurudi kwao. Hawa hurudi, na wengine hawakufukuzwa na sheria bali wamefuata bei nafuu. "Safari" haina ubishi huo, kwa kuwa hupokea sababu yoyote: ya kikazi, ya hija, ya matibabu. Basi napendekeza "safari ya tiba ya kutafuta mtoto". Ni ndefu, nakiri, lakini "tiba" inatenga wanaokwenda kuasili, na "kutafuta mtoto" ndivyo wanandoa wenyewe wasemavyo. Tena "kutafuta" ni kweli kuliko "kupata", kwani mizunguko mingi ya matibabu haya huisha bila mtoto kuzaliwa, na istilahi haifai kuahidi kile ambacho daktari mwenyewe hathubutu kukiahidi.