Penalti ilitoka kwa kipa

Februari 14, 1891, Trent Bridge mjini Nottingham, robo fainali ya Kombe la FA. Notts County wanaongoza 1-0 na muda unayoyoma. Stoke wanapiga shuti, kipa kashapitwa, mpira unaingia. Beki wa Notts anaupangua kwa mkono. Stoke wanapewa faulo palepale mbele ya mstari wa goli. Kipa anakwenda kusimama mbele ya mpira kabisa, mpigaji anambabatiza nao, mambo yamekwisha. Notts wakasonga mbele, na sheria ilikuwa upande wao.

Dawa ya dhuluma ile ilikuwa imeshapendekezwa, na aliyeibuni alikuwa kipa. William McCrum, mtoto wa tajiri wa kiwanda cha kitani, alidakia timu ya kijiji chake, Milford, huko Armagh, Ireland. Katika msimu wa kwanza wa ligi ya Ireland, 1890/91, Milford walicheza mechi 14 wakafungwa zote, kwa jumla ya mabao 62. Kipa wa timu ya namna hiyo anaona mengi. McCrum aliona washambuliaji wakikwatuliwa hatua chache kutoka golini, na aliyekwatua hapati hasara yoyote. Akataka mpigaji aachwe peke yake na kipa.

Chama cha soka cha Ireland kililipeleka wazo hilo kwenye Bodi ya Kimataifa. Bodi hiyo ilikutana mara ya kwanza London, Juni 2, 1886, kwa sababu England, Scotland, Wales na Ireland kila mmoja alikuwa na sheria zake, na walipokutana uwanjani ilibidi kwanza wakubaliane wanacheza kwa zipi. Juni 1890 wazo la McCrum liliahirishwa. Wengi waliliona tusi: muungwana hachezi rafu makusudi, sasa adhabu hii ya nini? Hata miaka ya baadaye C. B. Fry, mchezaji wa Corinthian, aliendelea kuipinga kwa hoja hiyohiyo.

Penalti ikapitishwa Glasgow, Juni 2, 1891. Hapakuwa na nukta. Palichorwa mstari yadi 12 kutoka golini, ukakatiza uwanja, na mpigaji aliweka mpira popote juu yake. Kipa naye aliruhusiwa kusogea mbele hadi yadi 6! Nukta na boksi tunaloliona leo vilikuja 1902. Watoto wa chandimu wanaohesabu hatua 12 kabla ya kupiga penalti wanapima yadi zilezile za Glasgow.

FIFA, iliyoanzishwa Paris 1904, iliingia kwenye Bodi 1913. Leo kura ni 8: FIFA 4, na vile vyama vinne vya mwanzo kimoja kimoja, Ireland ikiwakilishwa na ya Kaskazini. Sheria haibadiliki bila kura 6. Naheshimu kazi ya Bodi hii, lakini hesabu hiyo inaniuma. Wales ina kura yake kamili. Tanzania, Kenya na wanachama wengine wa FIFA, zaidi ya 200, wamo ndani ya zile 4. McCrum alisikilizwa kwa sababu chama chake kilikuwa na kiti mezani. Kipa wa Kigoma mwenye wazo zuri kama lile ataanzia TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na kutoka hapo safari bado ni ndefu.