Kadi isiyo na betri ilitoka wapi

Katika kambi nyingi za wakimbizi wa ndani, siku hizi jamaa hupewa kadi ya plastiki mahali pa jetoni ya karatasi. Siku ya kugawa chakula, mfanyakazi wa shirika anaisogeza karibu na simu au mashine ndogo, mashine inalia, na hesabu inaonekana: watu wangapi nyumbani, unga kiasi gani, maharagi kiasi gani. Kadi za namna hii haziwekwi kwenye chaji, na nyingine hazina hata kile kibati cha rangi ya dhahabu kinachoonekana kwenye laini ya simu. Basi zinapata wapi nguvu? Na je, zinaweza kumfuata mtu mpaka kijijini?

Mzizi wake ni wa zamani kuliko redio. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alizungusha nyaya mbili za shaba kwenye pete moja ya chuma, moja upande huu na nyingine upande ule, zisigusane. Kila alipofungulia umeme katika waya wa kwanza, au alipoukata, sindano ya kipimo ilitikisika upande wa pili. Umeme ulikuwa umevuka bila daraja.

Hatua iliyofuata ni ya kijasusi. Tarehe 4 Agosti 1945, watoto wa Umoja wa Kisovieti walimpa Averell Harriman, balozi wa Marekani mjini Moscow, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mti. Ilitundikwa ukutani katika nyumba ya balozi. Ndani yake kulifichwa kidude cha Lev Termen, fundi yule yule aliyetunga ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Hakikuwa na betri wala waya wa kukilisha. Majasusi walikirushia mawimbi ya redio kutoka nje. Sauti za watu chumbani zilitikisa utando mwembamba, na mawimbi yaliyorudi yakabeba maneno yao. Mawimbi yasiporushwa, kidude kilikuwa kimya kama mti wenyewe, ndiyo maana hakikuonekana mpaka mwaka 1952. Ilikuwa zawadi mbaya, lakini ilionyesha kwamba kitu kisicho na nguvu yake chenyewe kinaweza kujibu kikiulizwa.

Kadi ya leo imeunganisha mambo hayo mawili. Ndani ya plastiki, karibu na ukingo, kuna waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa, mara nyingi wa shaba, ile ile inayochimbwa Katanga. Waya huo umefungwa kwenye chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Mashine inatoa nguvu ya sumaku inayogeuka mara milioni 13.56 kwa sekunde. Nguvu hiyo inaamsha umeme ndani ya waya, chipu inazinduka, na inajibu kwa kula umeme mwingi kidogo, kisha kidogo, kisha mwingi. Mashine inasikia mabadiliko hayo na kuyasoma kama namba. Nguvu inapungua haraka sana kadiri kadi inavyosogea mbali. Ndiyo sababu inatakiwa karibu, sentimita chache tu.

Wa kwanza kuitumia kwa wingi walikuwa abiria. Hong Kong ilianza kadi yake ya treni na basi mwaka 1997. Mwaka 2002 kampuni za Sony na Philips zilikubaliana kutunga lugha moja ili simu nazo zizungumze na kadi. Mwaka 2004, pamoja na Nokia, ziliunda umoja wa kuisimamia. Hizo ndizo herufi NFC zinazoonekana kwenye simu kubwa. Japani ilianza kulipa kwa simu ya kugusisha mwaka huo huo wa 2004.

Congo ilipita njia nyingine. Pesa ya simu ilipoanza kuenea nchini mwaka 2012, ilikuja kwa nyota na namba zinazobonyezwa kwenye simu ya bei ndogo, na hiyo ilifaa zaidi watu wa huku. Shida yake ni mtandao: ukikatika, pesa imelala. Kadi inaweza kubeba hesabu yake ndani na kusomwa hata pasipo mtandao. Pasipoti za nchi zilizoanza kutolewa mwaka 2015 nazo zilikuwa na chipu ya aina hiyo.

Ukaribu peke yake si kufuli. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba aina ya kadi iliyotumiwa sana kwenye mabasi inaweza kunakiliwa. Kampuni iliyotengeneza chipu ilienda mahakamani kuzuia maandishi yao yasitolewe, ikashindwa. Kadi zilizofuata zina kufuli ngumu zaidi, ila si kila shirika linanunua hizo.

Kuhusu kumfuata mtu: kadi yenyewe haiwezi kutuma habari mpaka mbali, maana nguvu inaipata kwa mashine iliyo mbele yake. Lakini mashine inaweza kuandika siku, saa na mahali ilipoisoma, na maandishi hayo yanabaki kwa shirika. Swali la kuuliza wakati wa kuandikishwa ni nani anayeyaona, na yanakaa muda gani.

Mwezi wa pili wa 2025 kambi za kando ya Goma zilivunjwa na jamaa zikatawanyika. Katika mwendo wa namna hiyo kadi inaweza kupata mvua na isife. Kinachoiua ni kukunjwa katikati, au kutobolewa tundu pembeni ili ivaliwe shingoni kwa kamba: tundu likikata ule waya, mashine haitalia tena. Afadhali kuitia ndani ya mfuko wa plastiki, na kamba ikafungwa kwenye mfuko. Ikipotea, kadi zilizo nyingi ni namba tu na majina yamo kwenye orodha ya shirika. Anayetoa habari mapema anaweza kufungiwa ya zamani na kupewa nyingine.