Simu ya msaada kwa wapenzi wa jinsia moja: ilianzaje, na mzazi anajifunza nini?

Simu ya msaada ni nini?
Ni namba ambayo mtu mwenye jambo zito hupiga ili azungumze na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Halazimiki kutaja jina lake. Anayepokea hamhukumu wala hatoi siri yake.

Ilianzaje?
London Gay Switchboard ilianza tarehe 4 Machi 1974, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitabu la Housmans, eneo la King's Cross, London. Mwaka 1967 sheria ya England na Wales ilikuwa imeacha kuwahesabu wanaume wawili kuwa wahalifu kwa uhusiano wa faragha, mradi wote wametimiza miaka 21. Hata hivyo, wengi waliendelea kujificha, wakiogopa kufukuzwa kazini au nyumbani.

Wapokea simu walikuwa watu wa kujitolea, wenyewe wakiwa wapenzi wa jinsia moja. Mwanzoni walipokea simu jioni tu. Kufikia 1975 huduma ilikuwa ya saa 24. Waliopiga walitafuta mahali pa kulala, wakili, daktari, au mtu wa kuzungumza naye tu. Wahudumu waliandika kumbukumbu za zamu zao kwa mkono katika madaftari, ambayo leo yamehifadhiwa kwenye maktaba ya Bishopsgate Institute, London.

UKIMWI ulibadilisha nini?
Miaka ya 1980 simu nyingi zilihusu ugonjwa huo mpya. Watu walikuwa na hofu, na habari sahihi zilikuwa chache. Wahudumu walijifunza haraka ili waeleze njia za maambukizi na za kujikinga. Leo tunajua kwamba VVU haviambukizwi kwa kukumbatiana, kula pamoja wala kutumia choo kimoja.

Je, wazazi nao walisaidiwa?
Ndiyo. Mama mmoja wa London, Rose Robertson, alianzisha Parents Enquiry baada ya kusikia jinsi vijana wawili waliopanga nyumbani kwake walivyokataliwa na familia zao. Alizungumza na vijana, na pia na wazazi waliochanganyikiwa. Wazazi walihitaji mtu wa kumwambia uchungu wao kabla ya kurudi kuzungumza na mtoto.

Wewe mzazi au mlezi ufanye nini?
Mtoto anayekataliwa nyumbani yuko katika hatari kubwa zaidi ya sonona na ya kufikiria kujiua. Akikueleza jambo hili:

- Msikilize mpaka amalize.
- Usimpige wala kumfukuza.
- Usiwaambie ndugu au majirani bila ridhaa yake.
- Ukihisi hasira, mwambie unahitaji muda, lakini bado ni mwanao.
- Akizungumzia kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Wengi waliopiga simu ile walimweleza mgeni jambo ambalo hawakuthubutu kulisema nyumbani. Mwanao asilazimike kumtafuta mgeni kwa sababu anakuogopa wewe.